Nafsi ya kwanza, wingi

"Tumelala vibaya," aliniambia siku ya kwanza, hata hajaketi sawasawa. Nikamuuliza anaishi na nani. "Peke yangu," akajibu.

Ilinichukua vikao vitatu kuelewa kwamba ile "tu-" haikuwa ulimi kuteleza. (Yote yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha, naye ameridhia nimwandike.) Alikuwa na daftari dogo ambalo kila usiku aliliacha mezani, kwa sababu asubuhi alikuta humo mambo ambayo hakumbuki kuyaandika. Ukurasa mmoja una orodha ya manunuzi kwa mwandiko uliolala upande. Unaofuata una neno moja tu, kwa herufi kubwa zilizopindapinda kama za mtoto anayejifunza kuandika: USIMWAMBIE. Kabatini palikuwa na viatu vya kisigino kirefu anavyoapa hajavinunua, na risiti yake ina saini yake.

Mimi ni mwanasaikolojia wa tiba, na watu wenye hali hii, ya kujiona wengi ndani ya mwili mmoja, ndio sehemu kubwa ya kazi yangu. Cha ajabu, swali ninaloulizwa zaidi si la tiba. Watu wanataka kujua: kumbe mwili mmoja unaweza kukaliwa na watu wengi? Na kama ni hivyo, huu uhalisia tunaouamini ni kitu gani?

Tuanze na jina. Mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani uliiorodhesha hali hii mwaka 1980 kama ugonjwa wa nafsi nyingi. Mwaka 1994 jina likabadilishwa, likawa la utambulisho uliojitenga. Si suala la maneno tu. Jina la kwanza linakufanya uhesabu watu: wako watano, wako kumi na wawili. Daktari wa akili wa Marekani, David Spiegel, amekuwa akilieleza tatizo kinyume chake, kwamba mgonjwa hana nafsi zaidi ya moja. Ana pungufu ya moja.

Hapo ndipo wengi hunipotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tumezoea kudhani kila mtu huzaliwa na "mimi" mmoja mzima, kisha balaa linampasua vipande. Sivyo ninavyoona, wala sivyo wanavyoona wengi tunaofanya kazi hii. Mtoto mchanga ana hali tu: njaa ina ulimwengu wake, hofu ina wake, shibe na usingizi vina wake. Akiwa analia hakumbuki kwamba nusu saa iliyopita alikuwa anacheka. Anayemlea ndiye anayeshona: humpokea yule anayelia na yule anayecheka kwa uso uleule, jina lilelile, sauti ileile, mpaka uzi unapita katika hali zote na mtoto anaanza kusema "mimi". Sasa fikiria mlezi ndiye anayeumiza. Mtoto anapaswa kumkimbilia mtu yuleyule anayemkimbia. Anayeumizwa usiku na anayepaswa kumwamkia mlezi asubuhi hawawezi kujuana, maana wakijuana asubuhi haitawezekana. Basi ukuta kati yao unabaki. Nguo haikuchanika, haikuwahi kushonwa.

Kuna ushahidi gani kwamba kuta hizi si maigizo? Ninaoupenda unatoka Ujerumani. Mwanamke mmoja, anayetajwa katika maandishi ya kitabibu kwa herufi B.T., aliambiwa kuwa ni kipofu baada ya ajali. Miaka mingi baadaye, akiwa kwenye tiba ya hali hii, baadhi ya sehemu zake (ndivyo tunavyoziita zile "nafsi") zilianza kuona na nyingine zikabaki gizani. Watafiti Hans Strasburger na Bruno Waldvogel walipima umeme unaozuka kwenye ubongo macho yanapotazama picha. Sehemu inayoona ikiwa mbele, mawimbi yalikuwepo. Ile isiyoona ikishika nafasi, yalitoweka. Macho ni yaleyale, na kiti ni kilekile.

Ila nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, hasa Marekani, utambuzi huu ulifumuka kupita kiasi, na baadhi ya watu wa fani yangu walikuwa wakiwatia wagonjwa katika usingizi wa bandia (hipnosia) na kuwachokonoa mpaka "wapya" wakajitokeza. Wapo watafiti wanaosema hata leo sehemu kubwa ya hali hii hutengenezwa na mtabibu na matarajio. Na kuta zenyewe zinavuja. Rafaële Huntjens na wenzake huko Uholanzi walifundisha maneno sehemu moja ya mgonjwa, kisha wakapima sehemu nyingine iliyodai haijui lolote. Ikaonekana habari zilikuwa zimepita. Huo si ushahidi wa udanganyifu. Unaonyesha kwamba kumbukumbu ni moja. Kinachokosekana ni kuihisi kuwa yako.

Ndiyo maana hoja ya Bernardo Kastrup hunivutia na kuniudhi kwa pamoja. Mwanafalsafa huyu anasema ulimwengu mzima ni fahamu moja, na kila kiumbe hai ni sehemu yake iliyojitenga, kama zilivyojitenga sehemu za mgonjwa wangu. Mfano wa yule mwanamke wa Ujerumani anautumia pia. Jambo moja amepatia: kutojua kunatosha kumfanya mtu ajione yuko peke yake. Umewahi kuota uko kwenye mtihani, jibu limekukimbia, halafu wa dawati la jirani ananyoosha mkono na kulitaja? Aliyetunga swali ni kichwa chako. Aliyejibu ni kichwa chako. Na wewe uliyekaa ukitoka jasho, vilevile.

Lakini safari yake inaanzia mwisho. Kwake, kulikuwa na mmoja aliyegawanyika. Ninachokiona mimi kinaanzia kwenye wingi, na umoja huja baadaye kwa kazi ngumu ya watu wawili, pengine usije kabisa. Ukiuchukua mfano wa kliniki, uchukue wote: hautakupa fahamu kuu iliyopasuka.

Kuhusu uhalisia, jibu langu ni dogo kuliko wanavyotarajia. Sehemu ya kitoto ya mteja wangu huwa inatazama viganja vyake na kuuliza, "Mikono yangu imekuwa mikubwa lini?" Kwake chumba changu ni chumba kingine, na saa kumi jioni ni usiku wa manane. Nimewaona wakitofautiana kuhusu mwaka, umri, na uso ulio kwenye kioo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa hewani kwa sababu haamini kiti kipo. Namna ulimwengu unavyoonekana hutengenezwa na anayeutazama, na hutengenezwa zaidi kuliko tunavyopenda kukiri. Kiti hakitengenezwi hivyo.

Alipoanza tiba alinikatalia jambo moja: "Ukituunganisha, utakuwa umewaua wenzangu." Nikamwambia hatuna haja ya kufika huko, wengi huishi vizuri wakijifunza tu kuachiana ujumbe na kutofichana. Tukaendelea na daftari. Sheria ilikuwa moja, kila anayeandika asome kwanza kilichoandikwa juu.

Mwezi uliopita alinionyesha ukurasa wenye mwandiko mpya. Umelala upande kidogo, herufi kubwa bado zimepinda. Nikamuuliza ni wa nani. Akautazama kwa muda mrefu.

"Sijui," akasema. "Lakini nakumbuka kuuandika."