Mwacheni Mtoto na Dari Yake

Juzi tena. Kikao cha walimu na wazazi, viti vya plastiki, chai ya maziwa, mahamri yameshapoa, nami nimealikwa niseme dakika kumi juu ya watoto wanaosoma na kupata unasihi kwa simu. Sijafika dakika ya tatu, mwalimu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, akainua mkono. "Sasa Bi Mshauri, si dawa ni moja tu? Wote wawashe kamera. Uso wa mtoto haudanganyi." Vichwa vikaitikia ukumbi mzima. Mzazi mmoja akaongeza kwamba mtoto anayezima kamera ana jambo analolificha.

Nilitabasamu, nikanywa chai. Ndani nilikuwa natokota, na yule mwalimu alikuwa hatua nne tu kutoka usoni pangu. Hakuona kitu.

Imani hii ninaburuzana nayo tangu Machi 2020, shule zilipofungwa Kenya nzima na kila mtu akawa bingwa wa kufundisha kwa simu. Januari 2021 wanafunzi wote walirudi madarasani; imani haikurudi ilikotoka. Mimi nami nilibaki na simu yangu, kwa sababu ambayo mtu wa visiwani hahitaji kuelezwa: mtoto yuko kisiwa cha Pate, mimi niko Lamu mjini, na boti hupita Mkanda, ule mkondo mwembamba, maji yakijaa, si mimi nikitaka. Kusi ikichafuka, ndiyo basi tena.

Haya, kamera. Nisipoimaliza sasa nitairudia kila aya.

Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa kwa hesabu ya macho. Mgeni huishia dakani, kwenye baraza za mlangoni. Akikaribishwa zaidi hupinda kona kabla ya kuuona ua, ili hata mlango ukiachwa wazi mpita njia asiwaone wenyewe. Ndani kabisa ndiko wanakolala na kuvalia. Sasa mwambie mtoto wa darasa la tano awashe kamera. Simu imeegemezwa kopo la maziwa ya unga, huko huko ndani, kwa kuwa ndiko kwenye soketi. Mamake anapita kichwa wazi. Dadake anachana nywele. Watu 30 wameingia hadi chumba cha kulala bila kupiga hodi. Mtoto anazima, na sisi tunasema anaficha. Naam, anaficha! Anawasitiri watu wake, kama mlivyomlea nyinyi wenyewe. Na yule wa nyumba ya udongo na makuti ana lake pia, ambalo wenzake darasani watalifanyia utani hadi mwisho wa muhula.

Wala si kwetu tu. Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, Castelli na Sarvary waliwauliza wanafunzi wao kwa nini hawawashi kamera. Jibu lililotajwa zaidi lilikuwa sura zao. Mengine yalikuwa watu na chumba kinachoonekana nyuma, na mtandao dhaifu. Hao ni vijana wa chuo kikuu, si wa darasa la tano Kizingitini, lakini orodha ni ile ile. Naye Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mwaka 2021 kwa nini mikutano ya video huchosha: nyuso zimekukaribia mno na macho hayabanduki, unajitazama mwenyewe saa nzima, umenaswa mahali pamoja, na akili inafanya kazi ya ziada kusoma na kutoa ishara. Alikuwa akizungumzia watu wazima zaidi. Mtoto wa miaka kumi aliyegundua wiki iliyopita kwamba meno yake ni makubwa, hali yake mkadirie wenyewe.

Lakini hayo yote ni ya kubishana tu. Lililonifunza ni jingine, na silisemi kwa fahari.

Nilikuwa na msichana mmoja (nimebadilisha mambo, msijisumbue kukisia) ambaye mwalimu yule angempa zawadi. Kamera wazi, mtandio umenyooka, tabasamu, "niko salama, Bi." Vipindi vinne. Daftarini niliandika: anaendelea vizuri. Kipindi cha tano simu iliteleza ikaanguka ubavu, na kwa nukta mbili nikaona upande wa pili wa chumba. Kiti. Kikoi. Goti la mtu mzima. Alikuwapo muda wote.

Kamera hukuonyesha mtoto na ukuta wa nyuma yake. Aliyekaa mbele yake, anayemtazama akijibu, haikuonyeshi. Kila nilipouliza mambo ya nyumbani macho ya msichana yule yalipanda juu kidogo ya skrini, nami nikadhani ni haya. Kwa nilivyokuja kujua, mwenye goti hakuwa na ubaya: alikuwa ami yake, simu ni yake, anachunga bando lake lisiishie kwenye katuni. Lakini mtoto gani atasema kilicho moyoni mbele ya mwenye simu? Vipindi vinne nilikuwa nazungumza na ami.

Upande wa pili kuna mvulana wa dari. Siku ya kwanza aliilaza simu chali mkekani, kamera ikatazama juu. Nikamwomba ainyanyue. Akainyanyua, akanyamaza. Akailaza tena, akaanza kusema. Sikuwa mjinga kiasi cha kuomba mara ya pili. Kwa hiyo naijua dari ya kwao kuliko ninavyoujua uso wake: boriti 17, ya tisa kutoka dirishani imeliwa na mchwa, na kati ya ya tatu na ya nne anaishi buibui aliyempa jina Nahodha.

Vitabu vina zoezi la hisi tano: taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja unachokionja. Ni la kumrudisha mtu pale alipo akili yake inapokimbia. Nilimpa. Alipofika kwenye kunusa akakasirika, akasema hapa hakuna harufu ila mafuta taa, sasa ya pili aitoe wapi? Tukaliacha. Kumbe mwenyewe alikuwa na lake. Kila tulipokaribia habari ya usiku mmoja ambao siuelezi hapa, alianza kuhesabu boriti, nami nikawa nahesabu naye kwa sauti ya chini. Akifika ya tisa husimama. Hushusha pumzi bila kuambiwa. Kisha huendelea.

Je, hiyo ndiyo iliyompa nafuu? Siwezi kuapa. Watoto wengi hupata nafuu nyumba ikitulia na siku zikipita, hata bila mshauri, na mimi sina mvulana wa pili kama yeye wa kulinganisha naye. Wenzangu wanaoandika ripoti za wafadhili watanisamehe.

Ninalolisema bila kusitasita ni hili: shughuli zinazofaa kwenye simu ni zile zinazoupa mkono kazi na jicho ruhusa ya kwenda kwingine. Mama yeyote aliyewahi kumsuka binti yake analijua. Kichwa kimeelekea huko, vidole viko kazini, na siri zinatoka zenyewe. Mtandaoni sisi tumefanya kinyume: tumemkalisha mtoto uso kwa uso kama mahakamani, kisha tunamwuliza "unajisikiaje?"

Geuza kamera itazame karatasi. Mchore pamoja, yeye kwake na wewe kwako, kila mmoja akiona mkono wa mwenzake. Kalamu ya risasi ikitoboa karatasi, umeambiwa jambo. Kunjeni mashua za karatasi. Binti mmoja alichagua mchele wa chakula cha usiku kipindi kizima, nami nikaona ungo na vidole vyake tu. Vidole vilikwenda haraka alipozungumzia shule na madrasa. Alipolitaja jina fulani vilisimama, chenga moja imebanwa kati ya kidole gumba na cha shahada, ikakaa hapo mpaka alipobadilisha mazungumzo. Niambieni uso gani ungenipa habari hiyo.

Mchezo wa "lete kitu" nao ni mzuri, watoto hunyanyuka, damu ikatembea. Ila msiombe "kitu unachokipenda chumbani mwako." Kuna asiye na chumba. Omba kitu baridi, kitu cha duara, kitu kilichokuzidi umri. Nilipoomba hicho cha mwisho, mmoja alimleta bibi yake, amemshika mkono, bibi bado ana upawa.

Sasa zile nyuso za manjano. Mwalimu anatuma nyuso tano, mtoto achague iliyo kama yeye leo. Watoto wetu wana adabu: huchagua inayocheka, kwa kuwa ndilo jibu sahihi, kama vile "hujambo" haina jibu jingine ila "sijambo" hata mtu akiwa na homa. Na hata akitaka kusema, "nahisi wasiwasi" si maneno ya kinywani mwake. Husema kitwa chaniuma. Tumbo lanikata. Sina raha tu. Moyo mzito. Ukimsahihisha, "hiyo siyo hisia, hayo ni maumivu ya mwili," umemfungia mlango. Mwulize moyo huo mzito kama nini. Kama gunia, au kama mtungi? Nani amekusaidia kuubeba?

Semina nyingi hutuambia mtoto akiitaja hisia, hisia hupungua nguvu. Mtafiti Matthew Lieberman na wenzake walichapisha jambo la namna hiyo mwaka 2007: watu walipoipa jina hisia waliyoiona katika picha za nyuso, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu ilitulia kiasi. Sawa, nakubali. Lakini wale walikuwa watu wazima, ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, wakitazama nyuso za wageni. Kutoka pale hadi mtoto wa miaka tisa mwenye simu iliyopasuka kioo, kuna maji mengi ya kuvuka. Mimi hutumia wazo hilo, huku nikijua nimeliazima.

Badala ya nyuso nauliza bahari. "Leo bahari yako ikoje?" Nimejibiwa: maji mafu, Bi. Nimejibiwa: kusi. Mmoja alisema, "Yamekupwa, mashua imekaa matopeni," nikajua mengi kuliko ambavyo uso wowote wa manjano ungenijuza. Nililiona wazo hili la ajabu sana, nikalitembeza kila semina, mpaka nilipolipeleka kwa mtoto wa Mpeketoni akanitazama akasema, "Sisi hatuna bahari. Tuna ziwa na mahindi." Haya. Tukahamia kwenye mvua.

Kupumua nitasema kwa ufupi kwa sababu kumeniudhi. "Vuta pumzi" imekuwa panadoli ya kila kitu. Kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, huwatuliza wengi. Wapo ambao ukiwaambia wafumbe macho na kuusikiliza mwili ndipo hofu inapowapanda, na mwenye pumu usimwambie ashikilie pumzi kamwe. Macho yabaki wazi, na atakayekataa aachwe. Kupiga povu la sabuni kwa bomba la kalamu kunafanya kazi ile ile na hakuna anayejua kwamba anatibiwa.

Mwalimu mwenye watoto 30, wewe si mshauri na hakuna anayekutaka uwe. Fungua na vitendawili viwili, wapige "tega!" maikrofoni zote wazi, kelele iwe kelele. Waruhusu kukuandikia wewe peke yako. Mwenye kusema "napita" apite, bila kuulizwa kwa nini. Ujumbe wa sauti baada ya kipindi utakuletea mengi kuliko kipindi chenyewe. Watoto husema gizani, wamejifunika shuka, saa tatu usiku. Sikiliza asubuhi, na ujibu kila mmoja.

Kwa washauri, mnayajua, lakini nayasema kwa sababu nimeona yakirukwa. Kabla ya lolote, mtoto yuko wapi hasa, nani yuko karibu, namba ya mtu mzima mwingine ni ipi, na mtandao ukikatika nani ampigie nani. Maswali ya faragha yawe ya ndiyo na la, aliye chumbani asijue umeuliza nini. Mwambieni afunge sikio moja kwa kipokea sauti, jingine asikie nyumba. Kubalianeni neno la kawaida kabisa atakaloliingiza akiingiliwa. Kila mtoto lake, wala sitaji hata moja hapa. Usirekodi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kwa kawaida inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na hata ukiipata, video hiyo unaitakia nini? Mtoto akiwa hatarini, 116, namba ya simu ya kuwasaidia watoto, ni bure mchana na usiku, na usingoje kipindi kijacho.

Na tangu lile goti, sianzi tena na uso. Naanza kwa kuomba, kama mchezo: "Nizungushie simu chumba kizima, nione niko wapi." Kisha ailaze atakavyo. Najua hili nalo linapingana na stara niliyoitetea huko juu. Humtuma kwanza amwambie mama kwamba mgeni anapita, ajifunike. Wapo wanaokataa, na hapo hubaki na sauti tu.

Kesho maji yanajaa mapema na nahodha amesema atapita Mkanda saa mbili, kwa hiyo nitakutana na mvulana wa dari ana kwa ana kwa mara ya kwanza. Jana aliniuliza kama itabidi tutazamane. Nimemjibu kwamba mimi nakuja kuiona boriti ya tisa.