"Kichwa Kigumu" na Dhana Nyingine Zinazomwacha Mtoto Nje ya Somo

Asubuhi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, foleni ya madumu kwenye bomba huwa ndefu. Mtoto wa miaka minane aliyetoka Kivu Kaskazini, Kongo, atakwambia bila kusita nani kafika kabla ya nani, nani kamwazima jirani dumu, na chenji aliyotumwa kurudisha nyumbani ni shilingi ngapi. Anayasema yote kwa Kiswahili cha kwao, mbiombio. Saa mbili baadaye yuko darasani, somo linakwenda kwa Kinyankole na Kiingereza, na akiulizwa swali anainamia vidole vyake. Mwisho wa muhula ameshahesabiwa kuwa mzito.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nimekaa katika vyumba vya walimu vingi vya kutosha kulijua neno linalofuata: "Yule ana kichwa kigumu." Likishatamkwa, hakuna tena anayeuliza somo lilitayarishwaje. Ndiyo maana nataka kuzipitia hapa baadhi ya imani tulizonazo sisi walimu na wazazi wa Uganda kuhusu ubongo wa mtoto, nikiziweka kando ya yale yanayojulikana.

"Kaumbwa hivyo, habadiliki"

Ubongo hubadilika kwa kazi unayopewa, na haungoji mtu awe mtoto. Mwaka 2000 mtafiti wa ubongo Eleanor Maguire na wenzake waliwapima madereva wa teksi wa London, ambao hukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu ya mahali, ilikuwa kubwa zaidi kwao kuliko kwa watu wengine, na ilizidi kwa waliokaa kazini miaka mingi. Mwaka 2010 kundi la mtafiti mwingine wa ubongo, Stanislas Dehaene, lilionyesha kwamba hata mtu aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima, ubongo wake hujipanga upya ili utambue herufi. Bibi anayekwenda darasa la ngumbaru ana haki ya kulijua hilo.

Lakini ushahidi unaonigusa zaidi haukutoka ng'ambo. Ulitoka Kampala, Hospitali ya Mulago. Watafiti waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliolazwa kwa malaria ya ubongo, ile tunayosema imepanda kichwani. Miaka 2 baada ya kupona, zaidi kidogo ya robo yao walikuwa na upungufu katika kazi za akili, ilhali kwa watoto wa mitaa ileile ambao hawakuugua hivyo, walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Umakini ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoathirika.

Hebu lifikirie hilo ukiwa mbele ya darasa. Mtoto alikuwa mchangamfu Praimari ya pili. Akalazwa, akatoka, akarudi shuleni anatembea vizuri na anacheza mpira. Sasa ukimpa maagizo matatu anatimiza moja. Nyumbani wanasema karogwa, shuleni tunasema kawa mvivu, na fimbo inaletwa. Fimbo ya shuleni imepigwa marufuku na sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016, lakini hata sheria isingekuwepo, ubongo wenyewe unaikataa. Hofu huidhoofisha sehemu ya mbele ya ubongo, ileile inayoshikilia maagizo na kuzuia mawazo yasitangetange. Mtoto wa malaria ya ubongo akichapwa anaumizwa katika umakini uleule uliokwisha kudhoofika.

Kinachomfaa ni maagizo machache kwa wakati mmoja, kiti cha mbele, na hatua za kazi zilizoandikwa ubaoni zisifutwe mpaka wote wamalize. Hilo linawafaa pia waliokuwa wakisinzia nyuma. Na kabla ya kumhukumu yeyote, muulize mzazi maswali mawili: aliwahi kulazwa kwa degedege au malaria kali? Masikio yake yamewahi kutoa usaha? Watoto wengi wanaoitwa wakaidi hawakusikia tu ulichosema.

Watafiti wa Mulago walijaribu pia michezo ya kompyuta ya kunoa akili kwa watoto waliopona, na baadhi ya uwezo wao ukapanda. Nalitaja kwa tahadhari. Michezo ya aina hiyo humfanya mtoto awe hodari zaidi katika kile anachokifanyia mazoezi, na haichukui nafasi ya somo lililopangwa vizuri.

"Lugha ya nyumbani inamchanganya, aache kuizungumza"

Hii ndiyo dhana ninayopigana nayo zaidi, na inasemwa kwa nia njema kabisa. Mzazi Mkongo anaambiwa aache Kiswahili nyumbani ili mtoto ashike Kiingereza. Mzazi mwenye Kiingereza cha kubahatisha anatii, na mazungumzo ya jioni yanakufa.

Zamani hata wataalamu waliamini kwamba lugha mbili humlemea mtoto. Mwaka 1962 wanasaikolojia Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa Montreal, wakakuta wenye lugha mbili hawakuwa nyuma, na katika vipimo vingi walikuwa mbele. Uganda yenyewe ilikubali hoja ya lugha ya mama mwaka 2007, mtaala ulipoelekeza Praimari ya kwanza hadi ya tatu ifundishwe kwa lugha ya eneo, na ya nne iwe daraja la kuvukia Kiingereza. Tatizo ni kwamba lugha ya eneo huko Isingiro siyo lugha ya mtoto wa Kivu. Kwake zote mbili ni ngeni, na katika nchi yenye wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, si mtoto mmoja wala wawili.

Ubongo unafanyaje hapo? Kumbukumbu tunayofanyia kazi, ile inayoshika namba ya simu hadi uiandike, ni finyu. Kwa makadirio ya mwanasaikolojia Nelson Cowan ya mwaka 2001, hubeba mambo takriban manne kwa pamoja. Mpe mtoto hesabu ya maneno kwa Kiingereza: nafasi mbili zinaliwa na maneno asiyoyajua, ya tatu na woga wa kuchekwa. Hesabu yenyewe inabaki na nini? Kisha tunasema hajui hesabu.

Kuna jambo jingine la kuandika. Kiswahili, kama Luganda, huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Kiingereza hakiko hivyo, na utafiti uliolinganisha nchi za Ulaya mwaka 2003 ulikuta watoto wanaojifunzia kusoma kwa Kiingereza ndio wanaochelewa kuliko wote. Mtoto akiwa ameshindwa ukurasa wa Kiingereza, mpe aya ya Kiswahili. Mara nyingi utagundua anajua kusoma. Kitabu ndicho kilichokuwa kigumu.

Simu ya mwalimu inatosha kuanzia. Mwanafunzi mkubwa anayejua lugha zote mbili arekodi maelezo ya somo kwa Kiswahili, dakika tatu tu, sauti igawiwe kwa memori kadi au kwa Bluetooth bila kununua bando. Darasani, wakae wawiliwawili, wajadili jibu kwa lugha wanayoitaka, kisha walitoe kwa Kiingereza.

Viziwi nao wanakumbana na dhana hiyohiyo, eti lugha ya alama itamfanya mtoto asijaribu kuzungumza. Picha za ubongo zinaonyesha kuwa lugha ya alama hushughulikiwa na maeneo yaleyale ya upande wa kushoto yanayoshughulikia lugha ya mdomo. Ni lugha kamili. Katiba ya Uganda ya 1995 inataka iendelezwe, na mwaka 1996 Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia Bungeni kama mbunge, akawa akihutubia kwa alama. Kinachomdhuru mtoto kiziwi ni kukaa miaka bila lugha yoyote.

"Huyu hujifunza kwa kuona, yule kwa kusikia"

Nimehudhuria semina ambapo walimu walijaza dodoso na kurudi nyumbani na kadi za kuwagawa wanafunzi: wa macho, wa masikio, wa mikono. Ilipendeza, kwa sababu ilionekana kuheshimu tofauti. Hata hivyo, mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wakiongozwa na Harold Pashler walipitia tafiti zilizokuwepo, wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mtoto akifundishwa kwa "mtindo wake" anaelewa zaidi. Watu wana wanachopenda, ni kweli. Ila ramani ya Ziwa Viktoria itazamwe na wote, na matamshi ya "ng'ombe" yasikike kwa wote.

Ninachopendekeza badala yake kilianzia kwa wajenzi. Msanifu majengo Ronald Mace, Mmarekani aliyetumia kiti cha magurudumu, alisema jengo lifikiriwe tangu mwanzo kwa kila atakayelitumia. Njia ya mteremko iliyowekwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu inamfaa pia mama mwenye mtoto mgongoni na kijana anayesukuma magunia. Shirika la CAST la Massachusetts, lililoanzishwa 1984, likalipeleka wazo hilo darasani: toa maarifa kwa njia zaidi ya moja, ruhusu mtoto aonyeshe anachojua kwa njia zaidi ya moja, na mpe sababu ya kujali. Njia hizo ziwekwe wazi kwa kila mtoto, bila kumpachika yeyote kadi.

Za kupita haraka

"Tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo." Hapana. Ubongo ni karibu asilimia 2 ya uzito wa mwili na unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Mwili usingelisha shamba lisilolimwa. Ndiyo maana pia mtoto ambaye hajapata uji shuleni hawezi kushindana na aliyekula.

"Mtu wa ubongo wa kushoto ni wa hesabu, wa kulia ni msanii." Chuo Kikuu cha Utah kilichunguza picha za ubongo wa watu zaidi ya 1,000 mwaka 2013, hakikumwona mtu wa upande mmoja.

"Anayeandika kwa mkono wa kushoto arekebishwe." Karibu mtu mmoja kati ya kumi yuko hivyo. Mwacheni aandike, na mumkalishe mwisho wa benchi upande wa kushoto ili viwiko visigongane.

"Anayegeuza herufi hana akili"

Watoto wengi huchanganya b na d mwanzoni, kwa sababu macho yamezoea kwamba kikombe ni kikombe hata kikigeuzwa. Wengi huacha. Anayeendelea kusumbuka na kusoma huku akieleza mambo vizuri kwa mdomo huenda ana disleksia, ambayo haina uhusiano na upungufu wa akili. Ugumu mkubwa uko katika kuzitenganisha sauti za neno na kuziunganisha na herufi. Huyo anahitaji sauti na silabi zifundishwe polepole, waziwazi, kwa kurudia. Baraza la mitihani, UNEB, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika za ziada, maandishi makubwa, breli (maandishi ya nukta ya wasioona), au mtu wa kuwaandikia. Ila shule lazima iombe mapema, na shule iliyomwita mtoto mjinga haiombi.

"Bila kompyuta hatuwezi kufundisha kila mtu"

Shule zetu zilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu popote duniani. Masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni. Mtoto kiziwi angeisikiaje redio? Asiyeona angeionaje televisheni? Chombo kilikuwepo, lakini hakuna aliyeuliza kingemfikia nani.

Vipo visivyo na gharama. NVDA, programu inayomsomea asiyeona yaliyo kwenye kompyuta, iliundwa na Waaustralia wawili ambao wenyewe hawaoni, na ni ya bure. Simu nyingi za Android zina TalkBack, programu ya kazi hiyohiyo, tayari ndani yake, ni ya kuwashwa tu.

Na kwa darasa la watoto mia lisilo na umeme, kuna mbinu isiyohitaji hata betri. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba anayejiuliza na kujikumbusha alichosoma hukibakiza zaidi, baada ya siku kadhaa, kuliko anayekisoma tena na tena. Basi anza kipindi kwa maswali matatu ya jana na moja la wiki iliyopita. Kila mtoto awe na vifuniko viwili vya soda, chekundu na cheupe, ainue kimoja kwa "ndiyo" au kingine kwa "hapana". Wale mia wanajibu kwa pamoja, bubu na mwenye haya wakiwemo, na wewe unaona papo hapo nani kapotea. Yule wa bombani akiinua kifuniko kisicho sahihi, mwelekee jirani yake mwenye Kiswahili, umwambie: "Muulize tena, kwa lugha yenu."