Gesi ya AC haiishi jamani, inaliki

Wiki hii peke yake nimepigiwa simu na watu sita na wote neno lao ni moja, "fundi njoo unitilie gesi, imeisha". Hakuna anayesema AC yangu haipozi njoo uiangalie, wote ni gesi imeisha, kama mtungi wa jikoni vile. Kaskazi ikishika hapa Mombasa, joto 32, 33 na unyevu wake, simu hazikatiki na kila mtu ashajipimia ugonjwa na kujiandikia dawa mwenyewe. Leo naandika manake nimechoka kulieleza jambo hili mlangoni kwa watu nikiwa nimeshika ngazi.

"Gesi ya AC inatumika mpaka inaisha, kwa hivyo kila mwaka lazima ijazwe"

Hapana. Gesi ya kupikia inaungua, ndiyo maana mtungi unaisha. Gesi ya AC haiungui popote, iko ndani ya paipu zilizofungwa inazunguka tu. Kompresa inaibana inakuwa moto, lile boksi la nje linaupuliza ule moto nje, gesi inageuka majimaji (si maji ya mfereji, ni gesi ile ile imekuwa kimiminika), inapitishwa kwenye tundu dogo presha inashuka ghafla, inaingia kwenye koili ya chumbani ikiwa baridi, inachemkia pale pale ikibeba joto la chumba, halafu inarudi kwa kompresa kuanza upya. Gramu zilizotiwa siku ya kwanza ni zile zile zinatakiwa ziwe humo mwaka wa kumi.

Hebu iangalie friji yako. Kompresa ni ile ile kazi, koili ni ile ile kazi, gesi iko ndani, iko jikoni mwaka wa nane sasa inafanya kazi usiku na mchana, ushawahi kuita mtu aitie gesi? Basi AC ina nini?

Tofauti iko hapa. Friji imechomelewa yote kiwandani. AC ya ukutani inakuja vipande viwili, na fundi ndiye anaviunganisha nyumbani kwako kwa nati nne, mbili kwenye boksi la nje na mbili nyuma ya ile ya ndani. Mdomo wa paipu unapanuliwa kwa mkono, ukipanuliwa vibaya au kingo zisiposafishwa, au nati ikakazwa kwa hasira mpaka shaba ikapasuka, basi hapo pataliki. Haitaliki siku ile, italiki kidogo kidogo, na baada ya miezi kumi utasema gesi imeisha.

Na najua dhana hii imetoka wapi, imetoka kwa gari. AC ya gari ina mipira na kompresa yake inazungushwa na mkanda, ina sili kwenye shafti, gari lenyewe linatikisika barabarani kutwa, kwa hivyo kupungua kidogo kwa miaka ni jambo la kawaida. Watu wakaichukua ile ya gari wakaipeleka chumbani. AC ya nyumbani haiko hivyo.

Kuna mama mmoja Tudor, mtu mzima, miaka minne mfululizo kila Januari anatiliwa gesi. Kila mwaka fundi yule yule anakuja na mtungi, anafunga geji, anatia, anashika pesa anaondoka, nusu saa kazi imekwisha. Mimi nilipofika nikaishusha ile ya ndani kutoka ukutani nikaivua ile foronya ya paipu, nati ya paipu nene imeloa mafuta meusi na vumbi limeganda juu yake. Hiyo ndiyo alama kubwa, manake gesi ikitoka inatoka na mafuta ya kompresa, palipo na mafuta ndipo palipo na tundu. Nikapaka povu la sabuni, haikuchukua dakika likaanza kufura. Nikamwita, mamangu njoo uone mwenyewe pesa zako za miaka minne zinapotokea hapa. Aliangalia akanyamaza. Nilikata kipande cha paipu nikapanua mdomo mpya, nikakaza, na kazi hiyo angefanyiwa mwaka wa kwanza asingeita mtu tena.

Mimi nikishakuta liki sitii gesi kwanza. Natia naitrojeni kupima kama bado panatoka, kwenye mashine za R410A na R32, hizo ni aina za gesi ya AC, naipandisha psi 400 (psi ni kipimo cha presha) naiacha usiku kucha. Asubuhi nikikuta imeshuka psi 10 sishtuki, jana mchana ilikuwa digrii 33 na alfajiri 25, hiyo ni baridi ya alfajiri tu. Ikishuka 40 au 50 hapo tunatafuta. Na fundi akikwambia anapima kwa oksijeni ya kuchomelea mfukuze, na namaanisha mfukuze, oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka na watu wanakufa hivyo.

Baada ya hapo vakyumu, yaani kuinyonya hewa yote itoke kwenye paipu kwa pampu, na si dakika tano. Hewa yetu ya pwani imejaa maji, ikibaki ndani ya paipu yale maji yanachanganyika na mafuta yanakuwa asidi inayokula kompresa kidogo kidogo. Mimi navuta mpaka chini ya mikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani), nafunga, nangoja nione kama inapanda. Halafu gesi kwa mizani. Kwenye boksi la nje kuna stika imeandikwa gramu ngapi, fundi asiye na mizani anatia kwa kukisia.

Hapo kwa kukisia ndipo pananiuma zaidi, manake mara nyingi gesi haijapungua hata kidogo. Geji ikionyesha presha ndogo fundi anakimbilia mtungi, kumbe filta imeziba vumbi mpaka imekuwa kama zulia, hewa haipiti, koili haipati joto la kuchemsha gesi, lazima presha ishuke. Jamaa wa Bamburi alitiliwa gesi mara mbili kwa ajili ya filta ambayo hajaiosha tangu ahamie, gesi ikazidi, ikawa inarudi kwa kompresa ikiwa bado majimaji, na kompresa imeumbwa kubana gesi haikuumbwa kubana majimaji. Ikafa. Kompresa mpya bei yake unakaribia kununua AC nzima.

Kwa hivyo kabla hujanipigia simu fanya hivi, fungua kifuniko cha mbele, toa filta zioshe kwa maji na sabuni, zikauke kivulini, rudisha, washa, ngoja nusu saa. Ikiwa bado, nenda kwenye boksi la nje uangalie zile paipu mbili zinapoingia. Barafu ikiwa kwenye paipu nyembamba, hapo kweli gesi yawezekana imepungua na kuna liki. Barafu ikiwa kwenye ile nene, mara nyingi ni hewa, yaani filta, koili chafu au feni ya ndani inazunguka kwa uvivu. Ukiona barafu izime, usiendelee kuiendesha. Ukinipigia ukaniambia ni paipu gani ushanifanyia nusu ya kazi.

Na sasa chumvi, manake hili nalisema kila nyumba niingiayo. Nyali, Shanzu, Kizingo, popote upepo wa bahari unapofika, zile bati nyembamba za boksi la nje ni alumini juu ya paipu za shaba, chumvi ikikaa kati yake zinaliwa, na siku moja shaba yenyewe inatoboka vitundu usivyoviona kwa jicho. Hiyo nayo ni liki, na hiyo hakuna nati ya kukaza. Dawa ni maji. Zima umeme, mwagia boksi la nje maji kila mwezi kama uko karibu na ufuo, kwa utaratibu, usitumie mashine ya presha ya kuoshea magari itazikunja zile bati. Ila maji yawe ya mfereji au ya mvua! Nimekuta mlinzi anaosha AC kwa maji ya kisima ya chumvi, yale ambayo hata sabuni hayatoi povu, kila Jumamosi kwa bidii, anaongeza kile kile tunachotaka kukitoa.

Hizi nyingine napita haraka.

"Inatiririka maji ukutani, gesi imeisha." Maji yale ni unyevu wa chumba chako, yanatakiwa yatoke nje kwa mpira wake. Mpira umeziba ute na uchafu, uzibue. Gesi ya AC haitoki kama maji hata siku moja.

"Ukiweka 16 chumba kinapoa haraka." AC ya kawaida isiyo na inveta, yaani isiyoweza kubadilisha kasi ya kompresa, inapoza kwa nguvu ile ile ukiweka 16 au 24, tofauti ni kwamba kwa 16 haizimi, na hapa kwetu 16 hutaifikia, utalipa token tu. Weka 24 au 25 washa na pangaboi, utalala.

"Kubwa ndiyo bora." Chumba cha futi 12 kwa 12 kinataka 9,000 au 12,000 BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza), mtu anafunga 24,000. Inapoza dakika chache inazima, haipati muda wa kukausha hewa, unalala kwenye baridi yenye unyevu na shuka limekulowea.

"AC inaleta hewa safi kutoka nje." Ile ya ukutani haileti, inazungusha hewa ile ile ya chumbani. Fungua dirisha asubuhi.

"Gesi ni gesi, tia iliyopo." Hii hapana kabisa. R22 ndiyo ya mashine za zamani, inaharibu ozoni na inaondolewa kwa makubaliano ya Montreal ya 1987. R410A presha yake inaizidi R22 kwa zaidi ya nusu na mafuta yake ni mengine. R32 inaweza kushika moto, si kama gesi ya kupikia lakini inashika. Kila mashine imeandikwa yake kwenye stika, na ukishachanganya geji haikwambii ukweli tena. Nikikuta iliyochanganywa naitoa yote kwenye mtungi wa kukusanyia, siiachii hewani, navuta vakyumu upya, natia kwa mizani, na hiyo ni kazi ya nusu siku kwa kosa la dakika kumi.