Majina marefu ya kemikali: ulimi hukwama wapi, na kwa nini

Dhana potofu: jina refu husomwa herufi kwa herufi, kuanzia kushoto.

Chukua dichlorodiphenyltrichloroethane, ile DDT ya kuulia mbu. Herufi 31. Likate kwanza kwa maana: dichloro, diphenyl, trichloro, ethane. Kisha anzia mwisho. Sema e-thein mpaka ulimi uzoee, rudi nyuma hatua moja: trai-klo-ro-e-thein. Ongeza dai-fe-nil, halafu dai-klo-ro. Ni silabi 11 tu, na mkazo mkuu unaangukia E ya ethane. Ch hapa ni k, si ch ya chapati. O na e zinapokutana haziungani. Zitamke kila moja peke yake kama katika "ondoeni". Hapo Mswahili ameshatangulia.

Dhana potofu: vipande vya maana ndivyo silabi za kutamka.

Acetaminophen, jina la Kimarekani la paracetamol, limejengwa kwa acet, amino na phen. Mdomoni linakwenda a-si-ta-MI-no-fen: t ya acet imehamia silabi inayofuata. Vipande vinakusaidia kukumbuka tahajia, silabi zinakusaidia kutamka.

Na mkazo? Sisi tumezoea silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hakina sheria hiyo. Pa-ra-SI-ta-mol, me-tro-NAI-da-zol: ya tatu kutoka mwisho. Lakini a-mok-si-SI-lin inarudi ya pili. Kila jina lijifunze pamoja na mkazo wake.

Dhana potofu: tamshi sahihi ni moja.

Methyl kwa Waingereza wengi ni mi-thail, kwa Wamarekani me-thil. Yote sawa. Chagua moja, ushikamane nalo.

Dhana potofu: ukikosea mwisho wa jina, watu wataelewa tu.

Hili ndilo linalotutia hofu zaidi, maana kemia yenyewe imekaa mwishoni. Sulfide ni sal-faid, sulfite ni sal-fait, sulfate ni sal-feit. Maneno yetu ya asili huishia na irabu, kwa hiyo konsonanti ya mwisho hutupa shida: wapo wanaoongeza i, wapo wanaoimeza. Anayesema "salfaidi" bado anaeleweka. Anayeimeza anabaki na "salfai", na hapo sulfide na sulfite zimekuwa kitu kimoja.

Benchi la maabara halisamehi hilo. Tia asidi kwenye sodium sulfide, inatoka hydrogen sulfide, gesi ya sumu yenye harufu ya mayai viza. Tia asidi kwenye sodium sulfite, inatoka sulfur dioxide, inayowasha koo na kukohoza. Nitrite na nitrate nazo zinatenganishwa na ai na ei tu, nai-trait na nai-treit, na nitrite ndiyo yenye sumu kali zaidi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Mbagala au Tegeta anayemwomba fundi wa maabara chupa, au mwalimu anayeagiza kwa simu kutoka Kariakoo, atamke jina mpaka konsonanti ya mwisho isikike, kisha ataje fomula: Na₂S kwa sodium sulfide, au Na₂SO₃ kwa sodium sulfite. Chupa ikifika, asome lebo kabla ya kufungua kifuniko.