Mkojo wa rangi ya strungi: figo zinapoharibika kwa wiki chache

Malindi na vijiji vya kando ya Mto Sabaki, mkojo mwekundu una jina lake tayari: kichocho. Mara nyingi jina hilo ni sahihi. Mtoto anayeogelea kwenye vidimbwi vyenye konokono huambukizwa, na damu huonekana zaidi mwisho wa haja. Sisi wa kliniki ya figo hutushtua mkojo mwingine: wa rangi ya strungi au maji ya ukwaju toka mwanzo hadi mwisho, pengine wenye povu lisilokwisha, huku mwenyewe akiamka macho yamevimba na jioni viatu vinambana. Huyu akipewa dawa ya kichocho pekee na kuambiwa arudi baada ya mwezi, huenda akarudi figo zimekwisha.

Kila figo ina vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Katika ugonjwa huu, yaani uvimbe wa vichujio vya figo unaokwenda mbio (kwa Kiingereza, rapidly progressive glomerulonephritis), kinga ya mwili hugeuka ikavishambulia. Kuta zake huvimba na kupasuka, damu na protini huvujia kwenye mkojo, kisha seli hujazana ndani ya kifuko cha kichujio zikafanya umbo la hilali, kama mwezi mwandamo. Hilali changa dawa huweza kuirudisha nyuma. Ikikaa hugeuka kovu, na kovu la figo halina dawa. Kisukari na presha huzila figo kwa miaka. Ugonjwa huu huweza kuchukua nusu ya kazi yake, au zaidi, ndani ya miezi 3, na wengine ndani ya siku chache tu.

Kinachoichokoza kinga si kitu kimoja. Kundi la kwanza ni kingamwili, yaani protini za kinga zilizo kwenye damu, zinazoshika moja kwa moja utando wa kichujio. Zikishika na mapafu, mgonjwa hukohoa damu. Kundi la pili ni mabonge ya kingamwili yanayonasa kwenye vichujio, kama katika lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe na ambao huwapata zaidi wanawake vijana, au baada ya maambukizi. Mtoto aliyeumwa koo wiki moja au mbili zilizopita, au aliyekuwa na vidonda vya upele wiki 3 hadi 6 nyuma, anaweza kuvimba uso na kukojoa strungi. Wengi wa watoto hawa hupona, lakini wachache hilali huwashika. Kundi la tatu ni kuvimba kwa mishipa midogo ya damu, na hili ndilo linalotuponyoka. Huanza kwa maumivu ya viungo, mafua yasiyopona, kutokwa damu puani, kikohozi. Mgonjwa hununua diklofenaki dukani wiki baada ya wiki, dawa ya maumivu ambayo nayo huziumiza figo. Akikohoa damu hupimwa kifua kikuu, na ni haki apimwe. Ila apimwe na mkojo siku hiyohiyo.

Kipimo hicho ni kijiti tu, cha bei ndogo, na huonyesha damu na protini hata kama jicho halioni kitu. Kisha mkojo mbichi huangaliwa kwa hadubini: chembe nyekundu zilizopindapinda, au zilizoshikana kama vijibomba, zimetoka kwenye vichujio vyenyewe, si kwenye kibofu. Kreatinini, taka ambayo figo huitoa mwilini, hupimwa kwenye damu, na hapa naomba tusikilizane. Kipimo kimoja hakitoshi. Tuseme leo ni mikromoli 130 kwa lita na baada ya siku 5 ni 260: huyo ni wa kulazwa, hata kama ametembea mwenyewe hadi kliniki. Ultrasaundi ikionyesha figo zenye ukubwa wa kawaida, jambo huenda ni jipya na lina matumaini. Zikiwa zimenywea, ugonjwa umekaa siku nyingi.

Damu pia hutafutwa kingamwili za makundi yale matatu, pamoja na homa ya ini na virusi vya Ukimwi, kwa sababu dawa tutakazotumia huishusha kinga. Mwisho huchukuliwa kinyofu cha figo, kipande kidogo cha kupimwa, kwa sindano, mgongo ukiwa umetiwa ganzi. Watu huogopa jambo hilo, na kuvuja damu kunaweza kutokea, ndiyo maana hupima presha na kuganda kwa damu kwanza, na mgonjwa hulala akiangaliwa. Kwenye kinyofu, kingamwili zikijipanga mstari laini ni kundi la kwanza. Zikitapakaa kama chembe za mchanga ni la pili. Zisipoonekana, au zikiwa chache sana, ni la tatu. Dalili zikiwa nzito hatungoji jibu hilo ndipo tuanze dawa.

Ukimleta mgonjwa, njoo na majina ya dawa zote alizokunywa, za dukani na za mitishamba, na karatasi zake za zamani. Hata kitabu cha kliniki ya uja uzito: kikionyesha mkojo ulikuwa safi mwaka jana, tumeshajua ugonjwa huu ni wa juzi.