"Watoto ni bure, wataingia tu": dhana potofu za kutembeza watoto Roma

"Watoto ni bure, wataingia tu." Kila likizo sentensi hii hugonga mwamba kwenye geti la Colosseum, ule uwanja mkubwa wa kale wa Roma: wazazi wana tiketi, watoto watatu hawana, na saa yao ya kuingia inapita.

Ni kweli, kwenye makumbusho na magofu ya serikali ya Italia aliye chini ya miaka 18 halipi, awe wa Milano au wa Mbagala. Ila kutolipa si kukosa tiketi! Colosseum huhesabu vichwa, na mtoto ni kichwa. Tiketi yake ya euro 0 hukatwa pamoja na ya mzazi, saa ile ile, kwa jina lililo kwenye pasipoti. Tangu Oktoba 2023 tiketi zina majina, kwa hiyo jina la nyumbani liacheni nyumbani.

Tiketi za kawaida hufunguliwa siku 30 kabla kwenye tovuti rasmi. Chagua tarehe na saa, kisha watu wazima (euro 18), kisha watoto kwenye mstari wa "gratuito" (bure). Kateni za familia nzima kwa mkupuo mmoja. Ukimsahau mmoja na kurudi baadaye, saa ile huenda imeshajaa. Tovuti ikikudai kiingilio cha mtoto wa miaka tisa, hiyo si rasmi, ni ya wachuuzi. Siku yenyewe bebeni pasipoti. Kitambulisho cha shule hakisaidii: mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye miaka 19 kutoka Afrika Mashariki hulipa kama baba yake. Mabegi makubwa na chupa za kioo haviingii.

Tiketi hiyo hudumu saa 24 na inahusu pia magofu ya jirani, Forum (uwanja wa mji wa kale) na kilima cha Palatino, lakini watu hung'ang'ania kumaliza vyote asubuhi moja. Kwa nini? Forum haina kivuli cha maana, na watoto wakishachoka hamtaona kitu zaidi ya nyuso zilizonuna. Nendeni Colosseum alasiri, rudini mkale kwa shangazi mliyefikia kwake, Forum iwe kesho yake mapema.

"Tusubiri Jumapili ya kwanza ya mwezi, ni bure." Bure kwa nani, wakati watoto hawalipi siku yoyote? Mtu mzima ataokoa euro 18 na kuzilipa kwa foleni, maana siku hiyo hakuna kukata mapema.

"Vatikani ni hivyo hivyo." Vatikani si Italia. Makumbusho yake hutoza kuanzia miaka 7, na Jumapili hufungwa isipokuwa ya mwisho wa mwezi. Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro halina kiingilio, ila mabega na magoti yafunikwe. Kanga moja mkobani humaliza kesi.

"Kwenye basi mtoto halipi." Ni chini ya miaka 10, akiwa na mkubwa. Wengine euro 1.50 kwa dakika 100, na tiketi igongwe kwenye mashine. Faini inazidi euro 50.

"Maji ya mabomba ya barabarani si salama." Ni salama. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yatarukia kitundu cha juu.

"Tunalala kwa shangazi, hakuna makaratasi." Yapo. Mwenyeji wa mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya ana saa 48 za kuwaarifu polisi, hata kama ni ndugu wa damu, na watoto nao waandikwe.