"Mbona kwangu inafunguka?" na dhana nyingine za wanaotaka michezo yao ifungashwe

Kazi yangu ya usiku, isiyo na mshahara, ni kufungasha michezo huria ya kompyuta. Nachukua msimbo wa mtu na kuutengenezea vifurushi ambavyo mwenye mfumo endeshi wa Debian, Fedora, Alpine au FreeBSD atasakinisha kwa amri moja. Mwezi huu watu watatu wameniletea zipu yenye faili tendaji moja (programu iliyokwisha kujengwa, bila msimbo wake) na maneno yaleyale: "Kaka, nimeshaijenga kwenye Ubuntu, wewe iweke tu." Nikisema haifunguki, jibu linafika kabla sijamaliza kuandika: "Mbona kwangu inafunguka?"

Kwako inafunguka kwa sababu ni kwako. Nimechoka kulieleza hili kwa vipande vipande, kwa hiyo leo nalimaliza.

"Linux ni Linux tu, ukishakompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) mara moja imetosha"

Linux ni kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Mchezo wako hauongei na kerneli peke yake, unategemea maktaba, na mama wa maktaba hizo kwenye distro nyingi (mifumo iliyojengwa juu ya Linux, kama Debian na Fedora) ni glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C. Kila kazi (function) iliyomo ndani ya glibc ina muhuri wa toleo. Unapokompaili, mihuri ya mashine yako inaandikwa ndani ya faili yako. Faili iliyojengwa kwenye glibc ya zamani itakwenda kwenye mpya bila shida. Iliyojengwa kwenye mpya ikirudi kwenye ya zamani, hakuna dhamana.

Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35. Debian 11 ina 2.31. Katikati yao, Agosti 2021, lilitoka toleo 2.34, na humo kazi inayoanzisha kila programu, __libc_start_main, ilipewa muhuri mpya. Matokeo yake ni kwamba hata programu ya mistari mitano inayoandika "Habari dunia", ikijengwa kwenye Ubuntu 22.04, Debian 11 inaikatalia mlangoni: version `GLIBC_2.34' not found. Hukutumia kitu chochote cha kisasa. Kompyuta yako tu ndiyo ya kisasa.

Hapo bado tuko kwenye glibc. Alpine haina glibc kabisa, inatumia musl, maktaba nyingine ya msingi ya C. Kijana mmoja aliyetengeneza mchezo wa bao aliujaribu kwenye Alpine na kunipigia simu karibu na saa sita usiku akiamini diski yake imekufa. Akiandika ls, faili ya mchezo anaiona. Akiiendesha, anaambiwa "not found". Faili ipo na haipo! Ukweli ni kwamba kisichopatikana si mchezo wake. Ndani ya faili tendaji kama yake mmeandikwa jina la kipakiaji kitakachoiamsha, na ya kwake ilikuwa inakitafuta /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Kwenye Alpine kipakiaji ni /lib/ld-musl-x86_64.so.1. Ganda (shell, programu inayopokea amri) linatoa ujumbe uleule kwa makosa mawili tofauti, na hapo nakiri kwamba si kosa la kijana.

Halafu kuna ugonjwa wa -march=native, chaguo linalomwambia kikompaili ajenge kwa ajili ya prosesa ya mashine hiyohiyo. Mtu kasoma mahali kwamba inaongeza kasi, kaiweka, na kwenye laptopu yake ya mwaka jana mchezo unapaa. Ukimpa mwenye laptopu ya mtumba yenye Core 2 Duo, na hao kwetu ndio wengi, mchezo unakufa na "Illegal instruction", kwa sababu kikompaili kimetumia maagizo ya AVX2 ambayo prosesa ile haijawahi kuyasikia. Itoe. Usinijadili.

Na tukitoka kwenye prosesa za Intel na AMD, ndipo utamu unapokolea. Mchezo huohuo wa bao ulikuwa unasoma faili ya mpangilio wa kete herufi moja moja, ukihifadhi kila herufi kwenye char (aina ya namba ya baiti moja) mpaka ifike EOF, alama ya mwisho wa faili, ambayo thamani yake ni hasi moja. Kwenye laptopu yake char inabeba namba hasi, kwa hiyo ulifika mwisho ukasimama. Kwenye Raspberry Pi, char ya ARM kwa kawaida haina hasi: hasi moja inageuka 255, 255 hailingani na EOF, na mchezo unaendelea kusoma hewa mpaka uchomoe umeme. Dawa yake ni neno moja: int, aina pana zaidi ya namba, badala ya char. Lakini neno hilo ningelibadilishia wapi, kama alinipa zipu ya faili tendaji?

Kwa hiyo mimi sihitaji faili yako tendaji. Nahitaji msimbo, pamoja na mfumo wa kuujenga unaoheshimu prefix na DESTDIR (vigezo vya mahali pa kusakinishia), ili niamue mwenyewe vitu viende wapi. Seva za Debian, Fedora na wengine zitaujenga kila moja kwa maktaba zake na kwa aina za prosesa zake. Ukitaka pia kuwapa watu faili ya kupakua moja kwa moja, ijenge ndani ya distro ya zamani kuliko zote unazokusudia kuzihudumia, kisha endesha objdump -T juu yake na uchuje kwa neno GLIBC. Namba kubwa utakayoiona ndiyo glibc ya chini kabisa utakayomdai mtumiaji. Dakika moja tu.

"FreeBSD si ni Linux ya aina nyingine?"

Hapana. Kerneli nyingine, libc nyingine, na kila kinachotoka kwenye bandari zake (ports, mkusanyiko wake wa maelekezo ya kujenga programu) kinakaa /usr/local. Ina safu ya kuendeshea programu za Linux, ndiyo, ila usimlazimishe mtu kuiwasha kwa ajili ya mchezo wa karata. Vinavyonikwamisha huwa ni vidogo: hati inayoanza na /bin/bash wakati bash kule iko /usr/local/bin, msimbo unaoita malloc.h, Makefile inayoelewa make ya GNU peke yake, na mchezo unaosoma /proc/self/exe ili ujue uko wapi wakati /proc haijaunganishwa (mount). Yote yanarekebishika mchana mmoja, mradi nipewe msimbo.

"Flatpak imemaliza mambo yote haya"

Flatpak ni njia ya kusambaza programu pamoja na mazingira yake ya kuendeshea. Imemaliza suala la glibc kwenye Linux, na naipenda kwa hilo. Lakini inasimama juu ya uwezo wa kerneli ya Linux, kwa hiyo watu wa BSD umewaacha nje. Pia mtu asiye na Flatpak yoyote atapakua kwanza mazingira ya kuendeshea, mamia ya megabaiti, ili acheze mchezo wako wa megabaiti 12. Mwenye kununua kifurushi cha intaneti cha siku ataghairi. AppImage, faili moja inayobeba programu na maktaba zake, nayo kwa kawaida haibebi glibc, kwa hiyo unarudi palepale tulipoanzia, na tangu Ubuntu 22.04 zile zilizojengwa kwa njia ya zamani hazifunguki mpaka mtumiaji aongeze maktaba ya libfuse2.

"Msimbo uko chini ya leseni huria ya GPL, basi mchezo wote ni huru"

Picha je? Muziki je? Msimbo wa Doom ulitolewa Desemba 1997 na kuwekwa chini ya GPL mwaka 1999, lakini ramani na picha zake hazikufuata. Ndiyo maana mradi wa Freedoom uliketi kuchora vyote upya. Mchezo wa OpenTTD ulikaa miaka kwenye contrib ya Debian (sehemu ya programu huru zinazotegemea vitu visivyo huru, tofauti na main, ya vilivyo huru kabisa) kwa sababu ulihitaji picha za mchezo wa kibiashara wa 1995. Ni pale seti huru ya picha ilipokamilika, na toleo 1.0.0 likatoka tarehe 1 Aprili 2010, ndipo ukaweza kusimama bila faili za mchezo ule na kuhamia main. Wewe umechukua mlio wa ngoma mtandaoni wenye leseni ya Creative Commons inayokataza biashara. Debian main hauingii. Kwa kila picha na kila sauti andika nani kaitengeneza na leseni gani, siku ileile unapoiweka kwenye folda. Miaka miwili baadaye hutakumbuka, na mimi sitakubahatishia.

"Mchezo ukikataa kuhifadhi, uendeshe kwa sudo (mamlaka ya msimamizi)"

Astaghfirullah. Mchezo ulioko /usr/share hauna ruhusa ya kuandika humo, na ndivyo inavyotakiwa. Alama za mchezaji zinakaa nyumbani kwake, ~/.local/share. Ukitumia SDL2, maktaba ya kutengenezea michezo, kazi yake ya SDL_GetPrefPath inakupa njia hiyo bila jasho.

Na usiseme picha zimepotea kabla hujalinganisha Ukuta.PNG na ukuta.png. Windows haijali herufi kubwa na ndogo. Huku tunajali.

"Nimesahihisha kakosa, nimeiweka palepale kwa jina lilelile"

Tafadhali usifanye hivyo. Bandari ya FreeBSD inahifadhi alama ya SHA256 ya faili uliyotoa, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ndani yake. Ukibadilisha koma moja ndani ya zipu na kuacha jina la 1.0, alama hailingani, ujenzi unasimama, na mimi naanza kujiuliza kama kuna mtu amevamia seva yako. Nilishapoteza Jumamosi nzima nikilinganisha zipu mbili za jina moja, na tofauti niliyoipata ilikuwa jina la rafiki yake lililosahaulika kwenye orodha ya shukrani. Toa 1.0.1. Kwangu mimi ni kubadilisha namba moja na alama moja, kisha nakwenda kulala.